Bastola ya marehemu baba haijawahi kufyatuliwa: niipeleke uwanjani au niihifadhi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Baba yetu alifariki mwaka jana, akatuachia mimi na kaka yangu rivolva aina ya Colt Python, ya buluu iliyokoza, mtutu wa inchi 6, ikiwa kwenye boksi lake pamoja na karatasi zake. Aliinunua mpya mwishoni mwa miaka ya 1970 na sikumsikia hata siku moja akisema ameifyatua. Alikuwa anaitoa, anawaonyesha wageni, anairudisha. Kila mara alisema ipo siku tutakwenda nayo uwanjani, na siku hiyo haikufika. Mimi ni mlenga shabaha, nina leseni na bastola yangu ya kawaida. Kaka anasema nikiifyatua nitakuwa nimechoma pesa. Rafiki yangu wa klabu anasema bastola isiyofyatuliwa ni chuma tu. Nimeikagua: kuna mstari mwembamba uliozunguka silinda, na weusi kidogo kwenye uso wa mbele wa silinda. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, na poleni kwa kuondokewa na mzee.

Naanza na kaka yako, maana amegusa jambo ambalo wewe na rafiki yako mmelipita. Umeandika kwamba baba amewaachia "mimi na kaka yangu". Kama mirathi haijagawanywa, bastola hiyo bado ni mali ya marehemu. Si yako kuifyatua, na kaka naye hana mamlaka ya kukuamulia peke yake. Risasi ya kwanza ikishatoka, bei yake sokoni inashuka siku hiyohiyo na haipandi tena kwa kusafishwa. Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia uwanja wa shabaha, tafuteni mthamini anayezijua Colt za zamani, aikague, aipige picha pande zote, aandike hali yake na thamani yake ya leo. Kisha, kama unaitaka, ichukue wewe kwa thamani hiyo kamili, ikatwe kwenye fungu lako. Ukifika hapo, hasara ya risasi ya kwanza itakuwa yako peke yako na kaka hatakuwa na la kukudai. Magomvi mengi ya silaha za urithi yanayoletwa kwangu yangekwisha kwa karatasi hiyo moja.

Karatasi ya pili ni leseni. Uliyo nayo ni ya bastola yako, si ya hii. Katika nchi nyingi leseni ya marehemu hukoma anapofariki, na silaha inatakiwa iripotiwe polisi au ikabidhiwe kwa muda mpaka mrithi apate kibali chake. Mzee amefariki tangu mwaka jana. Kama hilo halijafanyika, lifanyeni wiki hii. Uliza pia kibali utakachopewa kinaruhusu nini, kwa sababu kuna mahali ambapo kumiliki kwa ajili ya mkusanyo na kumiliki kwa ajili ya kulenga shabaha ni vibali viwili tofauti. Mfano mkali ni Uingereza. Sheria ya 1997 iliyopiga marufuku karibu bastola zote iliacha upenyo mdogo kwa zile za kihistoria: zilizotengenezwa kabla ya 1919 zinaweza kukaa nyumbani, mradi ni za aina ambayo risasi zake hazipatikani kirahisi, nyingine zenye upekee wa kiufundi au wa kihistoria hutunzwa na kufyatuliwa kwenye vituo maalumu tu, kama uwanja wa shabaha wa Bisley. Huko swali lako lingejibiwa na kifungu cha sheria, mimi ningebaki msikilizaji.

Tuje kwenye chuma chenyewe.

Hakuna Python iliyotoka kiwandani kwa Colt, mjini Hartford, Marekani, bila kufyatuliwa. Kila moja ilijaribiwa kwa risasi halisi kabla ya kuwekwa kwenye boksi. Kwa watengenezaji wengi wa Ulaya jambo hilo linasimamiwa na sheria: zipo nyumba za majaribio, kama ile ya Birmingham iliyoanzishwa 1813 na ile ya Liège huko Ubelgiji, ambako silaha hufyatuliwa risasi zenye nguvu kuliko za kawaida na ikihimili hupigwa muhuri. Marekani haina sharti la serikali la namna hiyo, lakini viwanda hufanya majaribio vyenyewe. Miaka ya 2000 majimbo ya Maryland na New York yalitaka hata ganda la risasi ya kiwandani liambatane na bastola, na ndiyo sababu baadhi ya bastola mpya za miaka hiyo zina bahasha ndogo yenye ganda tupu ndani ya boksi. Ndiyo maana wakusanyaji makini hawasemi tu "haijafyatuliwa". Husema "haijafyatuliwa nje ya kiwanda". Weusi uliouona mbele ya silinda unaweza kuwa wa siku ile ya Hartford, wala usikushtue.

Utajuaje kama ni wa siku ile au kuna mtu alikwenda nayo porini bila kukuambia? Hakikisha haina risasi, kisha hakikisha tena. Fungua silinda, kaa karibu na dirisha, uwe na tochi ndogo na vidole vikiwa ndani ya glavu. Tazama uso wa mbele wa silinda, kwenye midomo ya vyumba sita. Risasi chache za kiwandani huacha ukungu mwepesi wa masizi, pengine kwenye baadhi ya vyumba tu. Bastola iliyotumika huwa na pete za kijivu zilizojichora kuzunguka kila mdomo, na pete hizo huungulia kwenye chuma kiasi kwamba kitambaa na mafuta haviziondoi. Inua macho mpaka kwenye upande wa chini wa daraja la fremu, pale juu ya mwanya ulio kati ya silinda na mtutu. Gesi ya .357 Magnum, risasi kali ambayo Python ilitengenezewa, hutoka hapo kwa kasi na moto mkali, na baada ya risasi nyingi hukata kijistari kwenye chuma. Ukipitisha ukucha ukahisi kimfereji, kuna mtu amekula raha na hii bastola. Geukia ukuta wa fremu ulio nyuma ya silinda, kwenye tundu la pini: makalio ya maganda husukumwa nyuma kila risasi inapolipuka, na polepole husugua kiduara kinachong'aa kuzunguka tundu hilo. Mwisho angalia vichwa vya skrubu za ubavuni. Zikiwa na makovu ya bisibisi isiyotoshea, ilishafunguliwa, na aliyeifungua hakuwa fundi.

Ule mstari uliozunguka silinda ni habari nyingine kabisa. Hautoki kwenye risasi. Chini ya silinda kuna komeo dogo linaloingia kwenye vijishimo ili silinda isimame sawasawa na mtutu; silinda inapozunguka, komeo hilo hugusa na kukwangua rangi. Mtu akikoki na kuachia kwa miaka, akiwaonyesha wageni, mstari unatokea bila risasi hata moja. Kwa maelezo yako, hilo ndilo lililotokea mikononi mwa mzee. Kwa hiyo mnachomiliki ni bastola ambayo yaelekea haijafyatuliwa, lakini imeshikwashikwa. Mnunuzi makini atazitofautisha hizo mbili kwa sekunde chache, na atalipa kulingana na anachokiona.

Hapo ndipo nataka uelewe soko linavyofikiri. Hakuna kipimo kinachoweza kuthibitisha kwamba bastola haikufyatuliwa baada ya kutoka kiwandani. Mtu anaweza kupiga risasi sita, akaisafisha kwa uangalifu, na mimi nikaikagua nisigundue lolote. Kila mtu kwenye biashara hii anajua hilo. Kwa hiyo anayelipa bei ya juu hailipii ahadi yako. Anailipia hali anayoiona: rangi kamili, kingo kali, midomo safi, boksi lenye namba inayolingana na ya fremu, kitabu cha maelekezo, karatasi za udhamini, hata plastiki ya ndani. Boksi la Python ya miaka hiyo ni la kadibodi, linachakaa kirahisi, na watu wengi walilitupa. Lenu lipo. Lishike kama unavyoishika bastola yenyewe. Colt pia hutoa, kwa malipo, barua kutoka kumbukumbu zao inayoonyesha bastola yenye namba fulani ilitoka kiwandani lini, kwa nani, na ikiwa na rangi gani na mtutu wa urefu gani. Iagizeni sasa, ikae na faili la mirathi.

Je, upya unachangia thamani kiasi gani? Inategemea ni bastola ya namna gani, na hapa rafiki yako na kaka yako wote wawili wanakosea, kwa kuwa wanatoa kanuni moja kwa vitu tofauti.

Ziko bastola ambazo upya wake ndio kila kitu. Kuanzia 1961 Colt ilitoa matoleo mengi ya ukumbusho, yenye maandishi ya dhahabu na masanduku ya mbao yenye kitambaa ndani, ya kuadhimisha jimbo hili au vita vile. Zilinunuliwa ili zihifadhiwe, na kweli zikahifadhiwa, karibu zote. Matokeo yake soko limejaa za ukumbusho zisizofyatuliwa, na iliyofyatuliwa inabaki bastola ya kawaida yenye mapambo. Kwa mwenye nazo ushauri wangu ni wa kuchosha: ziache kwenye sanduku, na usitarajie utajiri.

Ziko ambazo thamani yake ni historia. Mwaka 1941 kampuni ya Singer, hao hao wa cherehani, ilitengeneza bastola 500 tu za M1911A1 kwa ajili ya jeshi la Marekani. Mtu aliyerithi moja ya hizo hatakiwi hata kuniuliza. Au chukua Luger P08 ya Kijerumani yenye namba zinazolingana. Sehemu zake ndogondogo zilipigwa tarakimu za mwisho za namba ya fremu, hata baadhi ya vipande vinavyotosha kwenye kiganja cha mtoto. Kinachomtisha mkusanyaji wa Luger si masizi. Anaogopa kile kivuta ganda cha zaidi ya miaka 80 kisivunjike kwenye risasi ya tatu. Atapata kingine kwa fundi na bastola itafanya kazi kama kawaida, lakini namba haitalingana tena, na hakuna fundi wa kuurudisha huo ulinganifu. Ndiyo sababu wapenzi wa Luger wenye akili humiliki mbili: moja ya namba zinazolingana kwa ajili ya kabati, na nyingine mchanganyiko, ya bei nafuu, kwa ajili ya uwanja.

Na ziko nyingi, nyingi sana, ambazo hazina lolote la kulinda. Bastola inayotengenezwa hadi leo, ambayo jirani yako anaweza kununua mpya wiki ijayo, haigeuki kumbukumbu ya taifa kwa sababu tu ilikaa droo miaka kumi. Hiyo fyatua.

Python ya baba iko kati. Si adimu kwa idadi: ilianza kutengenezwa 1955 na ikaendelea, kwa kupungua mwishoni, hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Mwaka 2020 Colt ikairudisha, ya chuma kisichoshika kutu, ikiwa na mashine ya ndani iliyosanifiwa upya. Kilicho adimu ni Python ya zamani, ya buluu ile iliyong'arishwa kwa mkono mpaka ukajiona usoni, ikiwa na boksi na midomo safi. Walionunua Python wengi waliinunua ili waifyatue, na waliifyatua kwelikweli. Kwa hiyo thamani ya ziada ya yenu imekaa kwenye hali, na hali hiyo tayari imekatwa kidogo na mstari wa silinda.

Upande wa mashine nao una lake. Python ya zamani inasifiwa kwa ulaini wa kifyatulio na kwa jinsi silinda inavyokazwa pale nyundo inapoanguka. Haichezi hata kidogo. Ukazaji huo unatokana na mkono mdogo wa chuma unaosukuma silinda kutoka nyuma na kuendelea kuisukuma wakati risasi inalipuka. Raha hiyo ina gharama: mkono huo na meno unayoyasukuma hulika, na vikilika silinda huanza kuchelewa kufika mahali pake. Kurekebisha kunahitaji fundi anayejua springi ile bapa na jinsi sehemu zinavyotegemeana, kwa maana ukigusa moja umezigusa zote. Mafundi hao wanazidi kuzeeka na wanaojifunza kazi hiyo ni wachache. Sehemu za ndani za Python ya 2020 haziingii kwenye ya zamani. Kwa hiyo hata kama ungeamua kuifyatua, usifikirie kuifanya bastola yako ya mazoezi ya kila wiki.

Tukiondoa hisia, basi, jibu la kawaida ninalotoa kwa mtu mwenye Python ya namna hii na boksi lake ni jepesi: hiyo iache, nunua nyingine ya kufyatua. Ukipenda umbo hilo, ile ya sasa ni imara, inavumilia Magnum bila kulalamika, na kifyatulio chake ni kizuri. Ukitaka ya zamani hasa, tafuta iliyokwisha kutumika, yenye mikwaruzo, isiyo na boksi, lakini mashine yake ikiwa sawa. Utapata utamu uleule na hutakuwa umeondoa hata moja kwenye zile chache zilizobaki mpya.

Lakini wewe hukuniuliza kwa ajili ya kupenda umbo la Python. Umeandika kwamba mzee alisema ipo siku mtakwenda nayo. Bastola nyingine, hata ikitoka kiwanda kilekile mwaka uleule, haitakuwa ile aliyoizungumzia. Hilo nalichukulia kwa uzito, na sidhani kama mthamini yeyote ana haki ya kulicheka. Thamani ya sokoni ina maana kwa mtu atakayeuza. Ujiulize ukiwa peke yako, bila kaka na bila rafiki: kuna hali yoyote ambayo ungeiuza? Ada ya shule, matibabu, kiwanja? Kama ipo, hata moja, unayoweza kuitamka, basi upya wa bastola hiyo ni akiba, na usiiguse kwa ajili ya alasiri moja. Kama haipo kabisa, unalinda bei ambayo hutaidai kamwe, kwa faida ya mnunuzi usiyemjua atakayekuja baada yako.

Nikitazama maelezo yako, nadhani uko upande wa pili. Ningekuwa wewe, ningeichukua kwa thamani kamili kwenye mirathi, nisubiri kibali, kisha ningeifyatua. Kidogo tu. Hasara kubwa iko kwenye kuvuka kutoka "mpya" kwenda "imetumika kidogo, safi sana". Ukishavuka, risasi ya hamsini inapunguza kidogo mno kuliko ilivyopunguza ya kwanza. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu: wanafyatua sita kwa woga, wanaacha, wakidhani wameokoa kitu. Wamelipa bei nzima wakaondoka na robo ya chakula.

Kuna sharti moja. Kama mthamini au fundi atagundua kitu nilichokosa kukiona kutoka huku, mathalani nakshi za kiwandani, au barua ya Colt ikionyesha ilitumwa kwa mtu maarufu au kwa oda maalumu, futa ushauri wa aya iliyotangulia. Hapo inahamia kwenye kundi la Singer na mjadala umekwisha.

Wakati karatasi zinashughulikiwa, itunze vizuri, kwani bastola nyingi zisizofyatuliwa huharibikia kabatini. Adui wa kwanza ni ngozi. Ala ya ngozi inaonekana kama nyumba nzuri ya bastola, kumbe inavuta unyevu na ina mabaki ya kemikali za kutengenezea ngozi. Nimetoa kwenye ala rivolva iliyoingia mpya, ikatoka na ramani ya kutu yenye umbo la mshono wa ala hiyo, na risasi zilizokuwa kwenye vitanzi vya mkanda zikiwa zimeota ukungu wa kijani. Masanduku yenye sponji ndani yana tabia hiyohiyo: sponji hunyonya unyevu na kuugandamiza kwenye chuma. Boksi la asili nalo lisiwe makazi ya kudumu ya bastola. Liweke kando, mahali pakavu, bastola ikae kwenye soksi ya kitambaa yenye silikoni, ile inayouzwa kwa kazi hiyo, ndani ya kasha la chuma linalofungwa.

Unyevu wa hewa ndani ya kasha uwe kati ya asilimia 40 na 50. Juu ya hapo kutu inaanza kujifikiria. Chini sana ya hapo mbao za mpini hukauka na kupasuka. Kipimo kidogo cha unyevu na vifuko vya kukausha hewa vinatosha, mradi vifuko hivyo uvikaushe au uvibadilishe vinapojaa, maana kifuko kilichoshiba ni mfuko wa maji tu.

Jasho la vidole ndilo linalonikasirisha zaidi kwa kuwa kuliepuka ni rahisi mno. Lina chumvi. Mgeni anaishika bastola ubavuni, anaisifu, anairudisha, na baada ya wiki chache kwenye buluu ile inayong'aa kunatokea alama ya kidole yenye mistari yake yote, imechorwa kwa kutu, polisi wangeweza kuitumia. Vaa glavu, au ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila baada ya kushikwa, sehemu zote, hata chini ya kilinzi cha kifyatulio. Kwa kuiweka muda mrefu napendelea nta laini ya mikrokristali kuliko mafuta. Wahifadhi wa British Museum ndio walioianzisha nta ya namna hiyo miaka ya 1950 kwa ajili ya vitu vya makumbusho. Inapakwa nyembamba, inang'arishwa, haivuti vumbi na haitiririki. Mafuta yakiwa mengi hushuka ndani ya mashine na baada ya miaka huganda kama vanishi, na yakiingia kwenye mbao za mpini huzilainisha na kuzipiga weusi.

Usiifyatue tupu kwa kujaribu kifyatulio. Na tafadhali, mtu yeyote asiifunge silinda kwa kuizungusha mkono kwa madaha, ikagonga fremu "klak" kama sinema. Mkono unaobeba silinda hupinda kwa mchezo huo, na ukishapinda vyumba havikai sawa na mtutu. Ifunge kwa kidole gumba, polepole. Usitumie nyuzi za chuma wala dawa ya kung'arisha kuondoa ule mstari au ule weusi. Kuna watu huwa wanaondoa masizi ili bastola ionekane mpya zaidi, wakaishia kuondoa na rangi, na hapo wameharibu hata kile ambacho kingeaminiwa.

Tuseme siku imefika na kila kitu ni halali. Kwanza fundi aifungue. Tangu miaka ya 1970 grisi ya kiwandani imekauka; aisafishe, aweke mafuta mapya, akague kama komeo linaingia kwenye kishimo chake kabla nyundo haijafika mwisho wa kukokiwa, kwenye vyumba vyote sita, kwa kukoki polepole. Akuambie pia kama mwanya wa silinda na mtutu uko sawa. Kazi hiyo usiifanye mwenyewe, hata kama bastola yako ya kawaida unaifungua ukiwa umefumba macho.

Kwenye risasi huna haja ya Magnum. Chumba cha .357 Magnum kinapokea .38 Special, ambayo ni fupi na pole zaidi. Kwa fremu nzito kama ya Python msukumo wake wa kurudi nyuma ni mdogo na kifyatulio kile utakifaidi vizuri zaidi bila kishindo. Ukitumia .38, safisha vyumba kwa makini, kwa sababu ganda lake fupi huacha pete ya masizi mbele yake, na pete hiyo ikiachwa, siku nyingine ganda refu la Magnum litakataa kuingia vizuri. Chagua risasi mpya za kiwanda kinachojulikana, zenye koti la shaba, ili madini laini ya risasi isiyo na koti yasibaki mtutuni. Kama mzee aliacha risasi zake za zamani, zisiingie kwenye bastola hii. Zikabidhi kwa wanaohusika. Baadhi ya risasi za zamani, hasa za kijeshi, zina fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo hula chuma ndani ya siku chache.

Isafishe siku hiyohiyo, kabla ya kula. Dawa yenye amonia haina tatizo sana kwenye buluu ukiifuta haraka, ila ungekuwa na ya nikeli ningekukataza kabisa, kwa kuwa hupenya chini ya nikeli na kuibandua.

Ukishaifyatua, andika. Tarehe, idadi ya risasi, aina yake, jina lako, na usemi kwamba kabla ya hapo, kwa ufahamu wenu, haikufyatuliwa nje ya kiwanda. Karatasi hiyo ikae na barua ya Colt na ripoti ya mthamini. Mrithi wako asije akaiuza kama mpya kwa kutojua, na mnunuzi akamgeuzia kibao. Na kaka yako mwalike uwanjani. Akiwa tayari amepata fungu lake kamili, atakuwa hana sababu ya kununa, na pengine atataka kupiga chumba cha pili. Boksi tu ndilo liache nyumbani siku hiyo, kwani vidole vyenye mafuta na kadibodi ya miaka ya 1970 havipatani.